Kifungo cha Mama

Nilikosea tangu mwanzo. Niliamini kwamba mama yangu ni mfungwa.

Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilifikia jambo hilo mwenyewe, kwa kuangalia na kulinganisha, na kwa kuwa nilikuwa mtoto anayetaka kila kitu kikae sawasawa, lilipokwisha kukaa sawasawa kichwani mwangu sikulitikisa tena. Nililibeba peke yangu msimu mzima wa kahawa. Mpaka leo ninayo tabia hiyo ya kumaliza kufikiri kabla sijauliza. Najua si tabia nzuri. Mambo mengi yameniharibikia kwa sababu yake, na haya ninayoyaandika ni mojawapo ya machache yaliyonitengenekea.

Kilichonikumbusha ni moshi. Jirani yetu hapa Nshambya amebomoa msonge wa marehemu baba yake ili ajenge nyumba ya bati, na juzi alasiri aliyachoma majani yake. Nilikuwa nyuma ya nyumba, kibanjani, nikiondoa majani makavu kwenye migomba. Moshi ukaja chinichini kati ya mashina, mzito, wa buluu, na haukunuka majani yanayoungua. Ulinuka jikoni. Ulinuka ndizi zilizopikwa zamani sana, na kahawa, na nguo za watu waliokaa karibu na moto. Majani ya msonge hunywa moshi maisha yake yote. Ukiyachoma, moshi wote ule hutoka kwa pamoja. Nilisimama pale na kisu mkononi mpaka migomba ikapotea machoni, nikajikuta mdogo tena, nimesimama mlangoni mwa nyumba nyingine, namtafuta mama katika kiza cha ndani.

Wakati huo tulikaa Ijuganyondo. Baba alikuwa mwalimu katika shule ndogo ya misheni upande wa Muleba, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa juu ya lori la kahawa. Kwa hiyo siku nyingi tulibaki watatu: mama, mimi, na Koku, binti wa shangazi yangu, aliyenizidi umri na aliyejua kila kitu.

Koku ndiye aliyenifundisha wafungwa. Tulikuwa tumetumwa mjini kununua chumvi, na kandokando ya barabara iendayo ziwani tukawakuta wanaume waliovaa kaptula nyeupe wakikata majani kwa mundu, kimya, kwa mstari. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, ukatanda mpaka viunoni mwao, wakaonekana kama watu wanaovuna maji. Nyuma yao alisimama askari mwenye koti la vifungo vya shaba na fimbo.

Nikamwuliza Koku wale ni akina nani.

"Wafungwa."

"Umejuaje?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa alijuaje kwamba mvua ni maji. "Wewe umeshamwona mtu mzima anakata majani naye hana mbuzi wa kumlisha, wala haezeki nyumba yake, wala halipwi? Huyo kafungwa."

Ilikuwa hoja safi. Niliirudia moyoni njia nzima na ile chumvi kichwani.

Sasa fikirini, ninyi mliokuwa watoto wakati ule, kilichonipata Jumamosi iliyofuata, nilipomwona mama akimaliza kuosha vyombo, akachukua mundu uliochomekwa juu ya mlango, akaufunga kwa gome la mgomba, akashika njia ya kuelekea Maruku. Nilikuwa nimemwona akienda hivyo siku zote. Lakini kabla ya siku ile sikuwa na Koku kichwani.

Alirudi jioni. Hakuwa na mzigo wa majani. Hakuwa na mkungu wa ndizi wala kitambaa cha maharage ambacho mtu hupewa akimsaidia mwenzake shambani. Macho yake yalikuwa mekundu, na nguo zake zilinuka moshi.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazi ya nani?"

"Yetu sote," akasema, akaketi kwenye kigoda na kunyoosha miguu.

"Wamekupa nini?"

Akapiga chafya, akacheka. "Wamenipa mafua."

Mimi sikucheka. Mtu mzima, mundu, majani, hakuna malipo. Na baba yuko mbali, hajui.

Baada ya hapo nilianza kumsihi anichukue. Nadhani alifikiri nampenda sana, jambo ambalo lilikuwa kweli, ingawa nilichotaka ni kuona gereza lenyewe. Akakubali. Njia ilipita kwenye vibanja, kivuli juu ya kivuli, kisha ikatoka ghafla kwenye rweya, yale majani wazi yasiyo na mwenyewe, ambako upepo wa ziwani hupita bila kuzuiwa na mtu. Huko mbele, pembeni kidogo ya rweya, kulikuwa na msonge mkubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Ulikuwa wa duara, umevaa majani toka kileleni mpaka ardhini kama kuku aliyelalia mayai, na moshi ulikuwa ukitoka kwenye majani yenyewe, kila mahali, taratibu, kama vile nyumba ilikuwa inapumua.

Na mlangoni alisimama askari.

Koti lake lilikuwa la buluu, la vifungo vya shaba, na mkononi alikuwa na fimbo. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mtu huyo, mzee Ta Byabato, alikuwa mpishi wa meli, kwamba koti lile alipewa na nahodha mmoja alipostaafu, na kwamba fimbo ilikuwa ya kuegemea kwa sababu ya goti. Alikuwa mzee mwenye hasira za karibu, msahaulifu, aliyewatuma watu kutafuta kitu alichokishika mwenyewe. Lakini siku ile niliona vifungo tu.

"Ma Marta, umechelewa," alimwambia mama.

"Wakola, waitu," mama akamwamkia kwa adabu ya wakubwa. "Huyu mtoto alitaka kuja."

"Mtoto atafanya nini hapa?"

"Atakaa."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Basi akae vizuri."

Ndani, kiza kilinimeza. Kisha macho yalipozoea, kikaanza kunirudishia vitu kimoja kimoja. Nguzo nyeusi zinazong'aa kwa masizi. Moto mdogo katikati, wenye moshi mwingi kuliko ndimi. Miale ya jua ilipenya mlangoni, moshi ukaingia ndani ya miale, na ndani ya moshi huo vilining'inia vitu: ngoma kubwa na ndogo, mikuki iliyofungwa pamoja, majembe ya chuma ya mhunzi, vigoda, vibuyu vyenye shingo ndefu, na lubugo, zile nguo za gome la mti, rangi ya chai, zimetandazwa kwenye kamba. Havikuonekana kufungwa popote. Vilielea. Nikavitazama vyote hivyo, vya watu tofauti, vimekusanywa mahali pamoja chini ya ulinzi, nikaelewa. Ndivyo vitu walivyoiba.

Wafungwa wenyewe walikuwa wachache. Kulikuwa na Ma Kemilembe, mama mnene mwenye rozari shingoni na mdomo usiopumzika. Kulikuwa na Bakari, fundi cherehani mwenye kofia ya kufuma, aliyekaa karibu na mwanga akishona lubugo iliyochanika. Na mama yangu, ambaye nyumbani hakuruhusu hata wimbo wa Wakatoliki uimbwe akiwa anapika. Mnakumbuka tulivyokuwa. Jumapili, Waluteri tulipita njia ya juu na wao wakapita ya chini, na Waislamu walikuwa na mtaa wao. Sikuwahi kuona Mluteri, Mkatoliki na Mwislamu wakila kwenye ungo mmoja. Hapa walikuwa wanakula, viazi, wakipokezana chumvi. Nikajiambia kwamba kitu pekee kinachoweza kuwachanganya watu namna hii ni kosa.

Lililobaki lilikuwa kujua mama aliiba nini. Nilimfuata kwa macho asubuhi ile yote. Alifagia majani makuukuu ya sakafuni, akaenda rweya kukata mapya, akachochea moto, akapangusa ngoma kwa mkono. Lakini palikuwa na kibuyu kimoja, kidogo, kinachoenea kiganjani, kimevikwa ukindu uliosukwa mpaka shingoni, cha kuwekea kahawa ya kutafuna wanayopewa wageni. Hicho hakukipangusa kwa mkono. Alikishusha, akakifuta kwa upindo wa nguo yake mwenyewe, akakinusa, akakirudisha. Mikono yake ilikwenda polepole sana. Kwa hiyo nikajua.

Nyumbani nilimwuliza Koku, kama mtu anayeuliza habari za nchi nyingine, kama mfungwa anaweza kutoka kabla ya wakati wake.

"Akiwa na tabia nzuri hupunguziwa," akasema Koku.

Hapo ndipo nilipopata kazi. Kama tabia nzuri inapunguza kifungo, basi mimi nitampa mama tabia nzuri ambayo haijawahi kuonekana. Kila Jumamosi nilikwenda naye. Kazi yangu ikawa kutandaza majani mapya sakafuni, yale laini, na mnajua majani yale hutandazwa kwa kutupwa tu, yajilalie yenyewe. Mimi niliyapanga jani moja moja. Vichwa upande mmoja, mashina upande mmoja, yote yakielekea motoni. Mtu akipita yakasogea, nilirudi nikayanyoosha. Niliota ndoto za majani yaliyopinda.

"Njooni mumwone huyu," alisema Ma Kemilembe. "Anapanga majani kama anayesuka nywele za bibi arusi. Ma Marta, mtoto wako ana ugonjwa gani?"

"Amezaliwa hivyo," mama akasema.

"Basi nitamwazima. Mume wangu hata shati hajui upande wa mbele."

Bakari akasema kutoka kwenye mwanga wake, "Upande wa mbele ni ule wenye mchuzi."

Walicheka, na mimi niliwahurumia kwa kucheka kwao. Nilifikiri ni ujasiri.

Mvua zilipokaribia, nikaona nimefanya vya kutosha. Siku moja nilimkuta Ta Byabato amekaa nje peke yake, anatazama paa na kuguna. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Ta Byabato, waitu. Mama amebakiza muda gani?"

"Muda wa nini?"

"Wa hapa. Wa kazi hii."

Aliendelea kutazama paa. "Ah. Kazi hii haiishi, mwanangu. Tukimaliza upande huu, ule umeoza. Mimi nitafia hapa. Mama yake Kemilembe alikuwa hapa kabla yake, akatoka amebebwa. Mama yako naye," akapima kwa jicho, kama anapima mti, "mama yako bado ana nguvu. Atakaa sana."

Sikumbuki nilivyorudi nyumbani. Nakumbuka tu rweya, na kwamba majani yote yalikuwa yamelala upande mmoja kwa upepo, yamenyooka vizuri kuliko nilivyowahi kuyanyoosha mimi, na hayakumsaidia mtu.

Shule zilipofungwa, mama alinipeleka kwa baba. Utingo wa lori la kahawa alikuwa anatufahamu, akanipandisha juu ya magunia matupu nikiwa na kapu la ndizi, na nikasafiri hadi Muleba nikitazama ziwa likijitokeza na kujificha nyuma ya vilima. Nilikuwa nimeamua kumwambia baba yote. Lakini baba alikuwa mtu wa kola iliyopigwa pasi, aliyesahihisha hata salamu za watu, na kila nilipofungua mdomo sentensi yangu niliiona ina kasoro. Nikanyamaza siku ya kwanza. Nikanyamaza na ya pili.

Siku iliyofuata alikuja mgeni, mmoja wa wazee wa kanisa la pale, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Walikaa barazani. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, nachambua maharage.

"Mwalimu," mgeni akasema, "habari za mkeo zimefika hadi huku."

"Zimefikaje?"

"Kwamba kila Jumamosi yuko kwenye nyumba ya vitu vya kipagani. Anavifagilia. Anavichochelea moto. Na yuko pamoja na Warumi. Sisi tuliwaambia watu wavichome. Sasa mke wa mwalimu anavitunza. Watoto unaowafundisha watasema nini?"

Nikasikia kiti cha baba kikilia.

"Sisemi kwa ubaya. Mwambie aache tu. Ni neno moja."

"Nitamwambia," baba akasema.

Maharage yalinitoka mikononi. Si kwa sababu ya upagani; hilo sikulisikia hata kidogo. Nilisikia kwamba mama anaweza kuambiwa aache. Mfungwa haambiwi aache. Kama neno moja la baba lingeweza kumtoa, ina maana hakuna mlango uliofungwa, na kama hakuna mlango uliofungwa, basi amekuwa akienda mwenyewe, kwa miguu yake, kila Jumamosi, na mafua juu. Kila kitu nilichokuwa nimekipanga kichwani kikalala hovyo.

Mgeni alipoondoka nilitoka nje. "Baba. Yule askari atakubali?"

"Askari gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza wafungwa wa barabara ya ziwani, na hoja ya Koku, na vifungo vya shaba, na vitu vilivyoibwa, na majani niliyoyapanga ili mama apunguziwe, na Ta Byabato alivyosema kwamba ni kifungo cha maisha. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akicheka akiwa amevaa kola, alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi na kushika ubavu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Hakuna aliyemfunga," akasema alipoweza. "Wanakwenda kwa kupenda, wote wale. Wanaitunza nyumba isianguke, na vitu vya wazee wa zamani visiliwe na wadudu. Ndiyo maana ya moshi. Hawalipwi kwa sababu hakuna wa kuwalipa."

"Na kile kibuyu hakukiiba?"

"Kibuyu gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja ukubwa wake. Akasema hakijui.

"Anakipenda," nikasema. Kisha nikauliza lile lililokuwa linanisumbua, na sikulipanga kabla ya kulisema: "Sasa ukimwambia aache, yeye akiwa anapenda, si ndiyo atakuwa amefungwa?"

Kicheko kikamwisha. Akarudisha miwani, akakaa anatazama barabara mpaka wakati wa kula.

Jumamosi ile tulipanda lori pamoja kurudi. Lilitushusha kabla ya kufika nyumbani, kwenye njia ya Maruku, na tukavuka rweya kwa miguu, yeye mbele na koti lake la ualimu, mimi nyuma. Nilikuwa na hofu mpya, iliyogeuka kama nguo iliyovaliwa nje ndani. Msimu mzima niliomba mama atoke katika nyumba ile. Sasa niliomba asitolewe.

Ilikuwa siku ya kuezeka. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani na kukaa juu ya kilima, na msonge ulikuwa umefunikwa nusu, watu juu ya paa wakitokea viunoni tu, wakidaka mafungu ya majani yaliyorushwa kutoka chini kusikoonekana. Sauti zao zilikuwa karibu kuliko wao. Majirani wengine walikuwa wamekuja kusaidia. Walipomwona baba, mikono ikapungua mwendo.

"Mwalimu," Ta Byabato akasema. "Umekuja kukagua?"

"Shusheni sauti," Ma Kemilembe akanong'ona kwa nguvu, "Waluteri wamekuwa watatu. Wakifika wanne watatuanzishia kwaya."

Baba aliwasalimu wote kama ipasavyo, kisha akaingia ndani, na mimi nikabaki mlangoni. Mama alikuwa karibu na moto.

"Nimetumwa," baba akasema.

"Najua. Nimeshasikia."

"Wanasema uache."

"Na wewe unasemaje?"

Mama akainuka, akakifikia kile kibuyu kidogo, akakishusha.

"Ukisema niache, nitaacha," akasema. "Ila nisikilize kwanza. Tulipobatizwa kwetu, vitu vyote vilitolewa uani. Ngoma ya babu, vigoda, nguo, kila kitu. Baba yangu mwenyewe ndiye aliyewasha moto, na alikuwa na furaha, simlaumu. Nilikuwa na umri wa huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Mgeni aliyekuja kusimamia alikaa uani, na mimi nilitumwa kumpa kahawa. Basi nikasimama mbele yake nimeshika hiki, na yeye anatafuna, na vitu vinaungua. Kimebaki kwa sababu hiyo tu. Kilikuwa mkononi mwangu, kinamhudumia yeye. Hakuna aliyekumbuka kusema na hicho nacho kitupwe."

Sikuwahi kumsikia mama akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Moshi ulipita kati yao, ukasimama, ukaendelea kupanda kuelekea kwenye paa.

"Hujawahi kuniambia," baba akasema.

"Ulikuwa mwalimu wa misheni. Ningekuambiaje?"

Nilitazama mikono ya baba. Iliinuka kidogo, ikashuka, ikainuka tena.

"Kuna kahawa ndani?" akauliza.

"Ipo."

Mama akakiinamisha, punje zikateremka kwenye kiganja cha baba. Akatia moja mdomoni, akaitafuna polepole, kama mgeni. Kisha akavua koti lake, akatafuta mahali pa kulitundika, akalitundika kwenye nguzo yenye masizi, jambo ambalo liliniuma kwa sababu lilikuwa jeupe. Akatoka nje, akamwuliza Ta Byabato miundu iko wapi.

"Imo ndani, pale," Ta Byabato akasema, akaonyesha kwa mundu aliokuwa ameushika.

Baba akauchukua huohuo. Akaenda rweya, akaingia katika mstari wa wakataji, kati ya Bakari na mtu nisiyemjua, akainama. Ukungu ulimfika kiunoni. Nilikuwa tayari nimeelezwa ukweli wote, nilijua hakuna mfungwa wala askari, lakini nilipomwona akiinama vile, moyo wangu wa mtoto ulisema kimyakimya: wamempata na yeye. Na nilifurahi mpaka nikashindwa kusimama, nikaenda kulala kifudifudi juu ya fungu la majani.

Wazee wa kanisa walimwita baba baadaye. Alikwenda, akarudi, akasema wamemsikiliza. Hawakumpa uzee wa kanisa wakati wenzake walipopewa, naye hakuuzungumzia, ila lile koti halikutakata kamwe begani, na aliendelea kulivaa darasani hivyohivyo.

Mimi shule yangu haikufika mbali. Niliyo nayo mengi niliyaokota mwenyewe, kwenye magazeti makuukuu na vitabu vya baba, na ndiyo maana nina woga wa mtu asiyejua alichoruka. Labda ndiyo sababu sikuwahi kuwashukuru wale watu walipokuwa hai. Nilitaka kwanza niwaelewe sawasawa, niyapange maneno, vichwa upande mmoja na mashina upande mmoja. Ta Byabato alitoka mle amebebwa, kama alivyosema. Mama naye, mvua zilizopita. Hakuna aliyewahi kuwaandikia jina mlangoni. Walikuja, wakawasha moto, wakatia viazi kwenye majivu, wakatukanana kwa upendo, wakaenda nyumbani na mafua, na ngoma zikabaki kavu.

Juzi moshi ulipokuwa bado unapita kati ya migomba, nilitupa kisu nikaenda kwa jirani. Nilimkuta uani, anatazama moto wa msonge wa baba yake.

"Vya ndani umevipeleka wapi?" nikamwuliza.

"Vipi? Yale makorokoro?" Akaonyesha kwa mkono. "Yamo humo."

Nikatazama alichokikalia. Kilikuwa kigoda cha baba yake, cha miguu mingi, cheusi, kimelika katikati kwa makalio ya watu waliokwisha kupita.

"Nipe hicho," nikasema.

"Nikikupa nitakaa wapi?"

Nikarudi nyumbani, nikamletea kiti changu.

Kigoda sasa kiko kwenye msonge wa rweya, karibu na kibuyu, na moshi umeanza kukizoea. Mundu wa mama unakwenda nami kila Jumamosi. Majani ya sakafuni siku hizi nayatupa tu, yajilalie yenyewe, na sirudi kuyanyoosha.